Ndiyo Iliyochelewa

Kitendawili, wajukuu zangu. Nyumba yangu ina mlango mmoja, na kila anayeingia anamdai mtu asiyelala humo.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji, na mkinipa, naomba uwe na hospitali.

Jibu ni nyumba ya mama wa mbunge.

Kwa yule ambaye gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa sabuni kabla hajalisoma, nitamrudisha nyuma kidogo. Mwanangu wa kike ndiye mbunge wa jimbo letu. Mwaka jana mjukuu wangu, binti wa marehemu mwanangu wa kiume, alishikwa na uchungu wakati wodi ya wazazi ya hospitali yetu ndogo imefungwa ili ipakwe rangi. Mjukuu huyo namwita Somo, kwa kuwa tumepewa jina moja. Tukaelekezwa hospitali kubwa, mwendo mrefu kwa barabara ile ya mashimo. Mtoto alizaliwa ndani ya gari na hakulia.

Salamu zenu za pole zilinifikia. Nanyi mnakumbuka kwamba pale kaburini mheshimiwa mwanangu alisema mbele ya watu kuwa wodi ile haitafungwa tena yeye akiwa hai.

Kisha bungeni ikaja hoja ya kufunga wodi zote ndogo za wazazi na kupeleka vitanda hospitali kubwa. Tuliifuata hapa barazani kwangu, mimi na majirani, redio tumeizunguka kama mgonjwa. Spika akawaambia wanaoafiki waseme ndiyo. Ukumbi ukanguruma. Ngurumo ikafa, kukawa kimya, halafu sauti moja ikatoka peke yake nyuma ya wenzake: ndiyo.

Wabunge wakacheka. Barazani nako wakacheka. Fundi Viatu, jirani yangu, akasema huyo alikuwa amesinzia, mwenzake kamkanyaga mguu.

Nami nilicheka, lakini kwa meno tu. Sauti ile naijua tangu mwenyewe hajaota meno. Mwanangu tangu utotoni huchelewa kuitika. Shuleni mwalimu alikuwa akimwandika hayupo, naye amekaa dawati la mbele, bado anajiandaa kusema yupo.

Hapo ndipo nilipowaachia. Sasa sikilizeni yaliyonipata.

Bunge lilipumzika siku chache, kikao chenyewe kikiwa bado hakijafungwa. Ijumaa mchana mwanangu akaja, maana Jumamosi alikuwa na mkutano wa kuwaeleza wananchi yaliyofanyika kule. Hilo hajawahi kuliacha. Wapo wabunge ambao majimbo yao huwaona kwenye mabango tu, ila yeye huja, husimama, huulizwa, hujibu.

Kabla hajanisalimia vizuri, baraza ilikuwa imejaa. Mzee mmoja alitaka daraja. Mwingine alitaka mkwewe aitwe aonywe. Kinyozi alikuja kulalamika kwamba taa mpya ya barabarani inawamulika wateja wake vipara, nao wanaona aibu. Mama mmoja hakuwa na shida yoyote, alikuja kumwambia tu kwamba amekonda na cheo chote hicho.

Mwanangu aliwasikiliza wote. Alimuuliza huyu habari za goti, yule habari za mtoto aliyefeli. Hakumsahau mtu.

Nasema haya kwa sababu sitaki mmwone mbaya mapema. Bungeni nako si mtu wa kukaa kama gogo. Amesimama kusema juu ya maji, juu ya soko, juu ya wakunga kuongezewa mishahara. Kila alichosema kimeandikwa katika kumbukumbu za bunge, na huniletea kurasa zake nizisome polepole kwa kidole. Nimezihifadhi chini ya godoro pamoja na picha ya baba yake.

Siku ile ya wodi peke yake ndiyo haina jina lake. Kura ya mdomo haina mwenyewe. Wanaandika tu kwamba waliosema ndiyo walikuwa wengi.

Watu walipopungua nilimwita jikoni. Akakaa kwenye kigoda, suti na yote, akapokea kikombe.

"Mama, chai yako bado ina majani ya kuezekea nyumba."

"Chai yangu iache. Bungeni ulisema nini?"

Akapuliza kikombe. Akapuliza tena.

"Nilisema siyo."

"Niangalie."

Hakuniangalia.

"Mwanangu, nilikusikia."

Hakuniuliza nilimsikiaje katikati ya sauti za ukumbi mzima. Alikiweka kikombe chini taratibu, kama anayelaza mtoto mchanga, akafunika uso kwa viganja.

Akanieleza yote. Wana mtu wao anaitwa mnadhimu, kazi yake kuwachunga wabunge wa upande wao wasitoke zizini. Asubuhi ile mnadhimu alipita kwenye viti, na kila mmoja akamwachia neno lake sikioni, kwa upole, akitabasamu. Mwanangu aliambiwa barabara ya jimbo lake iko karibu sana kupata lami, ingekuwa huzuni ikisahaulika.

Nikamwambia lami si mbaya. Ila inakuja lini?

"Wamesema wataliangalia."

"Na Somo anajifungua lini?"

Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba Somo tumbo limeshashuka.

"Sikutaka kusema kitu, mama," akasema baadaye. "Niliacha wote waseme mpaka wamalize. Nikadhani nimepona. Halafu mnadhimu akageuza shingo, akanitazama. Ndipo likatoka."

Nilitaka kumpiga kibao, na nilitaka kumpakata. Sikufanya lolote. Nilikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Kisha akatoa lile alilokuja nalo. Mjini kulikuwa na minong'ono. Kesho watu wangemuuliza, naye angesema alikataa, lakini maneno ya mbunge juu yake mwenyewe nani ayaamini? Mimi wangeniamini. Wote wanajua redio ya mtaa ni yangu. Wote wanakumbuka nilivyomsema yeye yule, mwaka juzi, mbele ya wageni wake, kwa kuwaweka watu juani akichelewa mkutano.

"Unataka nisimame niseme uongo, na chumvi yote hii niliyokula?"

"Nataka uwe mama yangu." Sasa alinitazama. "Kila siku wewe ni mama wa jimbo zima. Kila mtu anakuja hapa kukulilia, na wewe unawapangusa. Kesho tu, mama. Uwe wangu."

Kabla sijajibu, mlango ukajaa tumbo. Somo huyo, anaingia na beseni la vyombo, miguu imemvimba, uso unang'aa. Mume wetu, maana mumewe mimi namhesabu wetu sote wawili, ni dereva wa lori, mtu wa kuonekana kwa msimu. Hivyo mimba tunaibeba mimi na yeye.

Akamwamkia shangazi yake. Akaweka beseni chini kwa shida.

"Shangazi, asante," akasema. "Watu wanasema mengi, ila mimi najua ulitukatalia kule. Usingeweza kusema ndiyo. Wewe ndiye uliyemshika yule mtoto wangu wa kwanza."

Mwanangu akanyoosha mkono, akauweka juu ya tumbo la Somo. Sijui mtoto alipiga teke au vipi. Nilichoona ni mkono kuondoka ghafla, kama ulioguswa na moto.

Sikumpa jibu siku ile. Nilisema tutaona. Nanyi mnaijua tutaona ya mama: ni ndiyo ambayo bado inaona aibu kutoka.

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule, chini ya turubai. Mbele kulikuwa na viti vya plastiki, nyuma watu wamesimama mpaka ukutani, na spika za muziki zikipiga filimbi kila mtu alipokaribia kipaza sauti. Somo alikaa safu ya kwanza, akijipepea kwa kanga. Kijana wa redio ya mji alikuwa na kinasa sauti mezani, anarekodi kila kitu.

Mwanangu akaeleza. Maji, soko, wakunga. Watu wakapiga makofi ya adabu. Walikuwa wanasubiri lao.

Fundi Viatu akasimama. Kibanda chake kiko langoni mwa hospitali, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya kuitetea wodi. Mdomo wake sindano kama ile ya kazini: unachoma, ila kiatu kinashonwa.

Akaanza kwa kumshukuru mheshimiwa kwa kuja mwenyewe badala ya kutuma kalenda yenye picha yake. Watu wakacheka, hata mwanangu akacheka. Akasema vitanda vyetu vitachukuliwa mara tu kikao cha bunge kitakapofungwa, wiki ijayo. Kisha akaacha utani.

"Mheshimiwa, sisi hatuna ugomvi na wewe. Swali letu ni moja. Siku ile ulisema nini?"

"Nilisema siyo."

Uwanja ukanguruma chini chini. Mama mmoja nyuma akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba kila mbunge akienda kwao anasema alikataa, sasa zile ndiyo zilitoka kwenye viti?

Watu wakacheka, na kicheko hicho hakikuwa kizuri.

Fundi akainua mkono kuwatuliza. Akasema hakuna haja ya kurushiana maneno, kwa kuwa bibi yupo, na bibi hana upendeleo. Akanijia pale kwenye kiti, akanipa kipaza sauti kama anayenipa mtoto nimbatize.

"Bibi, redio ilikuwa kwako. Ulimsikia mwanao?"

Nikasimama.

Nilimtazama mwanangu. Mvi zimemwota nyuma ya sikio, mahali ambapo mwenyewe haoni kwenye kioo. Nilikumbuka alivyokuwa akisimama mlangoni utotoni, ameumia, hasemi ameumia, anasubiri nimwone. Nikapiga moyo konde.

"Nilimsikia," nikasema. Hilo lilikuwa kweli. "Alisema siyo."

Uwanja ulilipuka. Viti vilianguka. Fundi Viatu alinikumbatia mpaka miwani yangu ikapinda. Mwanangu akaanza kulia, watu wakaona analia kwa furaha, wakazidi kushangilia. Somo alikuwa anapiga makofi juu ya tumbo lake, mikono imepata pa kuegemea.

Nilikaa. Nilijiambia uongo wenyewe umeumiza nani? Hoja imepita, imepita. Nimeokoa jina la mwanangu na sijamnyang'anya mtu kitu.

Wajukuu zangu, sijawahi kukosea hesabu kama siku ile.

Kwa maana pembeni kabisa alikuwa amesimama Mzee Kanuni. Huyu alikuwa karani wa bunge maisha yake yote ya kazi, akastaafu, akarudi kukaa kwetu. Jina hilo tumempa sisi, kwa sababu hata kwenye drafti hasogezi kete bila kutaja kanuni. Hakuwa anashangilia. Alikuwa ameshika kofia yake kifuani kama mtu aliye msibani.

Aliomba nafasi. Makofi yakafifia. Akasema amefurahi kusikia mheshimiwa alisimama na watu wake, tena amefurahi kwa dhati. Ila angekuwa mnafiki asiposema kwamba alikuja pale na tumaini jingine.

"Hoja ikishapita," akasema, "aliyeikataa hana ruhusa ya kuirudisha. Kashindwa, kashindwa. Anayeweza kuirudisha ni aliyeikubali. Anasimama, anasema alisema ndiyo na sasa amebadili mawazo, na spika analazimika kuifungua ijadiliwe upya. Mmoja tu anatosha. Ila iwe kabla kikao hakijafungwa."

Watu walikuwa wanasikiliza, bado hawajafika alikokuwa anaelekea. Mimi nilikuwa nimeshafika.

"Nilimwomba Mungu jambo la ajabu," akasema Mzee Kanuni. "Nilimwomba iwe mbunge wetu alisema ndiyo. Angekuwa amesema ndiyo, Jumatatu angesimama, na hakuna kitanda ambacho kingetoka pale langoni."

Akavaa kofia yake.

Fundi Viatu alibaki mdomo wazi, na hilo si jambo la kila siku. Akauliza kama wabunge wa majirani hawawezi. Mzee Kanuni akasema amewazungukia wote aliowafahamu, na kila mmoja anaapa alikataa. Fundi akauliza, sasa akijaribu kutabasamu, si mheshimiwa aende aseme tu alisema ndiyo, nani atajua?

Mzee Kanuni akaonyesha kwa kidevu kinasa sauti cha yule kijana wa redio. Mheshimiwa ameshasema alikataa, na mama yake mzazi ameshuhudia, na jimbo zima limesikia. Akienda kusema kinyume bila kuja kwanza hapa kuyafuta, ataumbuliwa kabla hajamaliza sentensi.

Hakuna aliyecheka tena. Ule umati uliokuwa unaruka ulitulia polepole, kama maji yaliyoepuliwa jikoni. Mtu mmoja akaanza kuokota viti vilivyoanguka, bila sababu, apate tu la kufanya.

Somo akanigeukia.

"Bibi," akasema taratibu, "kwa hiyo vitanda vinaondoka?"

Niliichukua kanga mkononi mwake, nikaanza kumpepea.

Mzee Kanuni alikuwa bado hajakaa. Miaka yote ya kuwaangalia wabunge ilikuwa imemfundisha kutazama nyuso, na sasa alikuwa anamtazama mwanangu, si kwa ubaya, kwa huruma hasa.

"Mheshimiwa," akasema, "siku ile ilikuwa na kelele nyingi. Mtu anaweza kuchanganya. Unakumbuka vizuri ulichosema?"

Alikuwa amemfungulia mlango. Mtu mzima yule alikuwa ameufungua mlango mpana, na kuushikilia asiumie akipita. Alichobakiza mwanangu ni kupita tu. Watu wangemzomea, ndiyo. Labda kiti kingemponyoka uchaguzi ukija. Lakini Jumatatu angesimama.

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake. Aliwaangalia watu wake. Alimwangalia Somo, akaondoa macho haraka. Mwisho akaniangalia mimi, nami nikamwitikia kwa kichwa, kidogo tu, sema mwanangu, sema, nipo hapa.

"Mama yangu ameshawaambia," akasema.

Basi. Mzigo ukatua kwangu.

Nimefiwa na mume. Nimefiwa na mwana wa kiume, nimemfukia kitukuu ambaye hata jina hakupewa. Sikuwahi kusikia ubaridi kama ule ulionipita nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, juani, mwanangu akiwa mzima mbele yangu.

Nikasimama bila kuitwa. Nikatembea mpaka mbele, nikanyoosha mkono.

"Nipe hicho."

Akakisogeza mbali na mdomo watu wasisikie. "Mama, nenda ukakae."

"Nipe."

"Ukisema, umenizika."

"Nisiposema, tutazika mwingine."

Nikakishika. Hakuachia. Machozi yake yalinidondokea mkononi, ya moto, lakini hakuachia. Nikavuta. Akavuta.

Kwa nyuma kule, waliokuwa mbali, walidhani mama na mwana wameshikana mikono. Wakaanza kupiga makofi.